Mwiko wa Ng'onda

Kabla ya vita mama yangu aliumwa viungo. Magoti yalimvimba yakawaka, ukiweka kiganja utadhani umegusa chungu kilichotoka mekoni. Bibi, mama yake baba, ndiye aliyemtibu. Alimnywesha tangawizi, akamkanda kwa manjano, kisha akampa mwiko: asile ng'onda wala samaki yeyote mkavu, maana wanaamsha uvimbe. Mama akatii, magoti yakanywea. Ni tangawizi, ni mwiko, au maradhi yalichoka yenyewe, mimi sijui. Bibi alijua. Tangu hapo nani angembishia?

Tulikuwa tukilima mtama bara ya Somanga. Vita vya maji vilipozimwa, askari wa Mdachi wakachoma maghala, na mbegu wakachukua. Baba hakurudi. Tukala ming'oko, mizizi ya porini ile, nayo ikaisha, tukabaki na majani. Hapo miguu ya mama ikavimba tena.

Uvimbe huu haukuwa na moto. Ulikuwa baridi, ukibonyeza kwa kidole shimo linabaki. Nilikuwa mtoto lakini niliona, nikamwambia Bibi. Akasema uvimbe ni uvimbe, nikatafute kuni.

Mjomba, kaka yake mama, akaja kutoka pwani na ng'onda chache za papa. Bibi akazichemsha. Mimi nikapewa, mama akawekewa majani yake. Mjomba akasema huyu ana njaa, hana ugonjwa, apewe. Bibi akamuuliza kama amekuja kumzika dada yake.

Mama akacheka kidogo, akamwambia Bibi, "Mama, si ulikuwa ukinisema nimekonda? Tazama miguu hii."

Bibi hakucheka. Mama akanigeukia mimi, akasema polepole, "Mwanangu, nipe huo mwiko nilambe."

Alitaka ule wa kupikia, uliokuwa ukichuruzika mchuzi chunguni. Bibi akauchukua kabla yangu.

"Mwiko unao tayari," akasema.

Asiseme mtu kwamba hakumpenda. Usiku kucha alimkanda miguu, na katika mchuzi ule yeye mwenyewe alikuwa akionja chumvi tu, nyama akiniachia mimi. Mama alikufa wiki ile ile. Tulipomwosha, alama za vidole vyetu zilibaki miguuni.

Haukupita muda, miguu ya Bibi nayo ikavimba. Kilikuwa kimebaki kipande kimoja cha papa. Nikampelekea. Akakitazama, akakisukuma kwangu, akaniambia hata yeye sasa ana mwiko.

Nikakila.