Mama Pasi Hataki Kusitiriwa

Saa moja asubuhi, mlango wa chumba cha dobi uko wazi na mvuke unatoka nje. Ndani, mwanamke mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi anapiga pasi shati jeupe kwa mkono wa kushoto. Anakwenda polepole, ncha ya ulimi imechomoza kama ya mtoto anayejifunza kuandika.

"Wa kulia umeshaijua kazi, unapiga hata ukiwa umesinzia," anasema. "Huu wa kushoto unanilazimisha nifikiri. Shati la kwanza kila siku ni lake."

Mtaa mzima humwita Mama Pasi. Hufulia nyumba ishirini hivi, na kipato chake kinatosha kodi, chakula na sabuni. Kwa miaka mingi hakutia alama nguo za watu. Alizijua kwa kola, kwa kifungo kilichobadilishwa, kwa namna mtu anavyochakaza kiwiko.

Mwaka jana akachanganya mashati mawili meupe.

Moja lilikuwa la dereva, jingine la mwalimu, majirani wasiosalimiana tangu wagombanie mfereji wa maji machafu. Dereva alikwenda kwenye usaili wa kazi ndani ya shati la mwalimu, amebana pumzi.

"Nilidhani nimenenepa," anasema akicheka. "Nikaogopa hata kukaa."

Mwalimu naye alifundisha siku nzima akipepea kama pazia. Jioni walikutana getini, wakatazamana, wakaangua kicheko. Walibadilishana mashati, wakakubaliana wasimwambie dobi wao, asije akavunjika moyo.

Mke wa dereva ndiye aliyeponyokwa na maneno. Mama Pasi hakucheka.

"Mama yangu alianza hivyohivyo," anasema, pasi ameisimamisha. "Alitia chumvi kwenye chai, tukainywa kimya tusimwaibishe. Mwishowe akawa ananiita dada. Sasa nikajiuliza, watu hawa wamenisitiri mara ngapi? Nitajuaje kama kichwa changu bado kipo?"

Binti yake, fundi cherehani, akamshauri ashone uzi wa rangi kwenye kila nguo. "Mama, uzi hausahau."

"Uzi ukikumbuka kila kitu, mimi nitakumbuka nini?"

Wakaafikiana: uzi ushonwe, ila Mama Pasi autazame mwisho, akishamtaja mwenye nguo. Mengine akayaongeza mwenyewe. Hubadilisha njia ya kwenda kazini, hulala mapema, na wakati wa chakula cha jioni humsimulia mumewe nguo zote zilizoingia.

"Siku hizi nazijua suruali za mtaa kuliko zangu," analalamika mzee huyo, seremala mstaafu. Lakini husikiliza mpaka mwisho, na mara nyingine hurudia vibaya makusudi ili mkewe apate raha ya kumsahihisha.

Je, yanasaidia? Muuguzi wa zahanati alimwambia mazoezi si dawa, ila asiyaache, na akianza kupotea njia aende wamwone. Mama Pasi mwenyewe hana hakika.

"Sijui kama bongo limenoleka," anasema. "Najua limechangamka."

Wateja amewaomba jambo moja tu: akikosea, wamwambie.

Dereva anaingia, ameshika soksi moja. Anasitasita mlangoni.

"Shikamoo, Mama Pasi. Samahani. Hii si yangu."

"Marahaba, mwanangu! Asante. Asante sana!" Uso wake unang'aa kama aliyeletewa zawadi. Anaigeuza soksi, anapapasa kisigino. "Ya mwalimu hii. Anakanyagia upande wa nje."

Ndipo anapoupindua ukingo kutafuta uzi. Ni wa buluu, rangi ya mwalimu.

"Mpelekee," anasema. "Na usisimame mlangoni kama mgeni. Ingia, unywe chai."

Mwezi ujao wapangaji wapya wanahamia ghorofa ya juu ya jengo hili, familia tatu. Mama Pasi anapanga kuwaomba nguo wote.

"Mashati nisiyoyajua hata moja," anasema, na kuirudisha pasi kwenye mkono wa kushoto.