Nguzo ya Taa ya Mama

Watu wakiona nguzo ya chuma wanapagawa. Sijui ni ugonjwa gani. Nilifanya kazi ya umeme mpaka nikastaafu, na tangu nistaafu nakusanya taa kuukuu za barabarani, zile zilizosimamishwa mitaa ya Eastlands kabla sisi hatujazaliwa. Nazisafisha, nazirudisha zilivyokuwa. Na kila ninayoipata nakuta binadamu ameshaitenda. Hii imepakwa rangi ya fedha mara saba, tena juu ya vumbi. Ile imebandikwa tangazo la mganga, juu ya mganga mwanasiasa, juu ya mwanasiasa mtu anayetafuta mpangaji. Nyingine, mtu mzima na akili zake amejaribu kuipigilia msumari. Msumari! Kwenye chuma!

"Aliyeitengeneza alijua anachofanya," huwa nawaambia watu. "Ukiongeza chako, umeharibu." Wanacheka. Wacha wacheke.

Uani kwenye ploti yetu hapa Dandora zilikuwa sita, zimelazwa kando ya ukuta. Mke wangu alishachoka kuniuliza kama hii ni nyumba ama ni stoo ya serikali. Wapangaji ndio usiseme. Yule wa chumba cha pili kila akijigonga goti akitoka kazini lazima aniimbie: "Budaa, kwani hizi zako zinalipa rent?" Namwambia zina adabu kumshinda, hazifungulii watu redio Jumapili alfajiri.

Ya saba sikuitafuta. Niliagizwa na mama.

Mama alikuwa anakaa Ziwani, chumba kimoja, tangu aolewe. Ndimo alimotulea, mimi na mdogo wangu ambaye sasa ni marehemu. Mbele ya mlango palikuwa na nguzo ya taa. Taa yenyewe ilikufa zamani, nguzo ikabaki. Mwaka jana macho ya mama yakaanza kufifia, halafu akaanguka bafuni, akalala pale kwenye maji mpaka jirani aliposikia anagonga ndoo. Nikamwambia basi, unahamia kwangu. Akakataa. Nikarudi na mke wangu. Akakataa. Nikawaleta wazee wa kanisa lake wamshauri. Wakanywa chai yake, wakamaliza mkate wake, wakatoka wakiniambia mama ana haki yake. Hebu ona!

Mwisho akanena mwenyewe: "Nitakuja. Lakini nguzo yangu siiachi. Ikija nguzo, nami naja."

"Mama, nguzo ni mali ya serikali."

"Si wewe ndiye bingwa wa kuzitafuta?"

Nifanyeje? Kila simu ikilia nilidhani ameanguka tena na safari hii hakuna aliyemsikia. Bahati ikawa mafundi walikuwa wanaleta taa mpya mtaani kwake na kuzing'oa zile za zamani. Nikaingia ofisi inayohusika. Barua ya kwanza ikapotea. Ya pili ikakosa muhuri. Anayeweka muhuri akawa kwenye mazishi. Njoo kesho, njoo kesho, mpaka mlinzi wa getini akawa ananiuliza hali ya mama. Nilipopewa ruhusa nikaitoa Ziwani kwa mkokoteni hadi Muthurwa, nikaipakia kwenye lori, na pale Muthurwa kila hatua tano mtu ananisimamisha: "Mzee, kilo ngapi hiyo?" Siuzi! Ni lugha gani hamuielewi?

Nikaanza kuisafisha kwa brashi ya waya. Siku ya pili mama akapiga simu.

"Umeifanya nini nguzo yangu?"

"Naitengeneza, Mama."

"Usiisumbue. Isimamishe ilivyo."

"Ilivyo ni chafu. Niachie kazi yangu."

"Sikiza kwanza, pale katikati..."

"Mama, fundi ni mimi ama ni wewe?" Na nikakata simu. Mama yangu mzazi, nikamkatia simu.

Kesho yake, chini ya donge la rangi nililodhani siku zote ni kutu, usawa wa bega, nikaikuta. Kulabu. Mtu alichukua kipande cha nondo, akakipinda, akakichomelea kwenye nguzo, na alivyokichomelea, salaala! Chuma kimevimba upande mmoja, upande wa pili kimetoboka, kimechuruzika chini kama uji uliofurika. Nilipandwa na hasira mpaka nikamwita mke wangu aje ashuhudie.

"Ni mjinga gani huyu?" nikasema. "Hata kushika mashine hajui!"

Akaitazama, akapitisha kidole juu yake. "Si umuulize mama kwanza?"

"Mama anajua nini mambo ya kuchomelea?"

Nikawasha grainda. Cheche zikaruka, wapangaji wakalalamika, nikaikata ile kulabu mpaka kwenye shina, kisha nikapiga msasa, mkavu na wa maji, mpaka hata ungefumba macho ukapapasa usingejua palikuwa na kitu. Nilijisifu. Kulabu nikaitupa kwenye ndoo ya mabaki, na Jumamosi alipopita yule wa vyuma chakavu nikampa ndoo nzima bure, anipunguzie uchafu.

Nguzo nikaipaka kijani kama ilivyotoka kiwandani. Namba yake ikasomeka. Nikatia waya mpya, kioo kipya, tukaisimamisha kwa saruji mbele ya chumba tulichomtengea mama.

Akaja Alhamisi. Kwenye lori mlikuwa na kitanda, kabati, sufuria, na karai la nguo mbichi. Nguo mbichi, jamani! Maji yanachuruzika juu ya godoro. Nikamuuliza kwa nini amefua siku ya kuhama. Akasema Alhamisi ni siku yake ya kufua, na za kuanika ataanika akifika.

Hakuulizia chumba. Hakutaka chai. "Iko wapi?" akasema. Nilikuwa nimewasha taa mchana huohuo, ili hata kwa macho yale aione.

"Unaiona, Mama? Inawaka."

"Mwanga nauona." Akaweka kiganja kwenye chuma, akapandisha mpaka usawa wa bega. Akazunguka upande wa kushoto. Akarudi kulia. Akazunguka tena, polepole zaidi.

"Hii siyo," akasema.

"Ndiyo, Mama. Namba yake hii hapa."

"Basi kulabu iko wapi?"

Mke wangu alikuwa anaangalia miguu yake.

"Ile kulabu ya mdogo wako," mama akasema, akidhani sijaelewa. "Wewe ulikuwa Mombasa kikazi. Yeye ndiyo kwanza ameanza kujifunza kuchomelea, hajamaliza hata wiki. Akaazima mashine kwa mwalimu wake, akaja nayo na mkokoteni. Miwani hakuvaa, akashinda siku tatu macho mekundu namkanda kwa majani ya chai. Akaniambia, Mama, sasa usifunge tena kamba ya nguo kwenye mlango. Vitu vingine vyote alivyotengeneza viliuzwa. Kwangu ilibaki hiyo."

"Nimeikata," nikasema.

"Umeikata."

"Nilidhani ni uharibifu tu. Mama, nitakuchomelea nyingine. Kesho. Nzuri kuliko ile."

"Nzuri ya nini?" akasema, wala hakupaza sauti. Afadhali angenitukana. Mimi hugombana na kila mtu, na siku hiyo nilitaka mtu mmoja tu agombane na mimi, lakini hakupatikana. Nilijichukia pale pale nilipokuwa nimesimama.

Mama akaomba mfuko wake. Akatoa kamba, ileile ya Ziwani, akafunga ncha moja kwenye chuma cha dirisha la chumba chake kipya. Akaja nayo akipapasa hewa mpaka alipofika kwenye nguzo, akaukuta mkono wangu, akaitia ile ncha ya pili kiganjani na kunifumba vidole.

"Shika hapa."

Nikashika. Mke wangu akamsogezea karai. Mama akaanika leso mbili, gauni la kanisani, fulana, foronya, akikung'uta kila moja kabla ya kuitundika. Kamba ikawa inazidi kuwa nzito. Mpangaji wa chumba cha pili akaingia getini akitoka kazini, akaniona nimesimama chini ya taa inayowaka mchana, akafungua mdomo aniimbie wimbo wake. Kisha akamwona mama, akaingia chumbani kwake akafunga mlango taratibu.

Mama akaokota shuka, ya mwisho na kubwa kuliko zote.

"Inua kidogo," akasema. "Inagusa chini."

Nikainua.