Mashine Iliyolishwa Mawese

Ukimtaka mume wangu Ildefonsi, usije nyumbani. Nyumbani anakuja kula na kulala tu. Nenda karakana ya parokia hapa Kasulu, utamkuta ameinamia mashine ya kukereza vyuma, lile dude la kijani aliloachiwa na Bruda Felisiani, aliyemfundisha kazi tangu hajaota ndevu. Siku ya harusi yetu alichelewa kanisani, na alipofika nikasikia harufu ya mafuta ya mashine kwenye suti. Nilinuna mpaka kwenye picha. Zipo, njoo uzione ucheke.

Mashine yenyewe ina kigari kinachobeba kisu. Kigari kinateleza juu ya reli za chuma, na fundi anakisogeza kwa kuzungusha gurudumu la mkono, kidogo mno, hata kwa macho huoni kama kimesogea. Kikiteleza vizuri, chuma kinatoka laini. Kikisita halafu kikaruka, kazi imeharibika. Kwa hiyo kila kitu kinategemea mafuta ya kwenye zile reli.

Sasa, miaka ya shida, mafuta ya mashine yalipokuwa hayapatikani, Bruda Felisiani aliyachanganya yale kidogo aliyonayo na mawese. Mashine ikateleza, kazi zikaenda. Baadaye Bruda akafariki, mafuta ya mashine yakajaa madukani, lakini Ildefonsi hakuacha kuchanganya. Tena hachukui mawese ya ovyo. Anachukua yangu, yale mekundu mazuri ninayoletewa kutoka bondeni! Nimeyaficha nyuma ya gunia la mkaa, nimeyaficha chini ya kitanda, na bado ananichotea. Nikifoka anasema mashine ile ni Muha wa hapa hapa Kasulu kama yeye, haiwezi kufanya kazi bila mawese. Mtu wa namna hiyo utamfanya nini?

Mwaka 2013, mwezi wa saba, mambo yakaharibika. Baridi ya huku juu kwetu unaijua, asubuhi ukungu unaingia mpaka ndani. Kamati ya parokia ikasema mashine imezeeka, inaruka, wateja wanapeleka kazi zao Mwanza. Wanunuzi wa chuma chakavu walikuwa wameshakuja kuizunguka na kuipigapiga. Padri akaomba ipewe nafasi ya mwisho. Mhandisi wa maji wa Kibondo alitaka shafti mpya, yaani ule mhimili wa chuma unaozunguka ndani ya pampu, kwa ajili ya pampu ya kijiji cha Kitahana, ambako kina mama walikuwa wamerudi kuchota mtoni. Ildefonsi akiichonga na mhandisi akairidhia, mashine inabaki. Akishindwa, inauzwa.

Aliniambia hayo amesimama mlangoni, kofia bado kichwani. Siku hiyo hakumaliza ugali wake. Mimi ile mashine naitukana kila siku, lakini nilipomwona anasukuma sahani, moyo uliniuma kweli.

Mhandisi akafika, kijana wa Mbeya anayeitwa Lusajo, mpole, ana adabu zake. Kasulu hakuwa na ndugu, basi nikasema atakula kwangu. Nikampikia ugali wa muhogo na samaki wetu wa ziwani, migebuka, walioelea kwenye mawese. Huko kwao hawajazoea, nilimwona anavyoitazama sahani. Lakini alikula, akapakaa shati lote rangi ya chungwa, na kesho yake akaomba aongezewe.

Huko karakana ilikuwa aibu. Nilipeleka uji asubuhi nikakuta kigari kinasita, kinaruka, kinasita, na shafti imejaa mawimbi. Mchana kikateleza safi kabisa. Kesho yake asubuhi tena kinaruka, na chuma kingine kikaharibika. Ildefonsi akalaumu umeme, akalaumu chuma, akanilaumu hata mimi eti nimesimama kwenye mwanga. Lusajo akasema kwa upole kwamba reli ndizo zinazokamata. Akatoa kwenye begi kichupa cha mafuta meusi, ya kuongezea kwenye mafuta ya mashine. Alisema matone machache tu yanatosha, chuma kinapita juu ya chuma bila kung'ang'aniana. Ildefonsi akakitazama kile kichupa utadhani ameletewa sumu. Akajibu kwamba mashine ya Bruda haijawahi kulishwa kitu cha kigeni, akaenda kunawa mikono aje kula.

Nilikuwa nimewatangulia jikoni. Chupa ya mawese ilikuwa imeganda, kama kawaida ya mwezi wa saba, nikainama niisogeze karibu na moto. Hapo ndipo nilipoona! Nilicheka peke yangu mpaka nikakaa chini. Kila mtu wa Kasulu anajua mawese yanaganda asubuhi. Ildefonsi mwenyewe huwa anaisogeza ile chupa motoni akiwa na njaa. Nikamwita, nikaigeuza chupa juu chini mbele yake, halikudondoka hata tone.

"Baba Didas," nikamwambia, "haya ndiyo yako kwenye reli zako kila asubuhi."

Akaishika ile chupa muda mrefu, na nilipomwangalia usoni kicheko kikaniishia.

"Bruda ndiye aliyenifundisha," akasema.

"Bruda alikufundisha kuitunza mashine. Hakukufundisha kuipikia." Kisha nikamwonyesha Lusajo aliyekaa mkekani na shati lake lenye madoa. "Mgeni amekula mawese yako mpaka yamemharibia shati. Wewe unakataa kuonja ya kwake?"

Hapo nilimbana. Mume wangu ana ubishi, lakini kumvunjia mgeni heshima nyumbani kwake hawezi. Walipomaliza kula walirudi karakana, wakazisugua reli kwa mafuta ya taa, ukatoka utandu wa manjano unaonata, wa miaka yote ile. Wakaweka mafuta safi yenye yale matone meusi.

Asubuhi iliyofuata kulikuwa na baridi kuliko siku zote. Niliacha genge langu bila mtu nikaenda kusimama mlangoni, mbali na mwanga. Ildefonsi akazungusha gurudumu, kigari kikaenda kimya, taratibu, bila kusita popote. Lusajo akaipima shafti, akaipima tena, akachukua beringi, ile pete ya chuma inayoshikilia shafti, akaisukuma kwa kiganja, ikaingia na kukaa. Akauliza kama anaweza kuchongewa na shafti ya akiba. Nililia, sioni haya kusema. Padri mwenyewe aliwaambia watu wa chuma chakavu waende salama.

Siku hizi mawese yangu yanakaa rafuni mbele ya macho ya watu, na Ildefonsi ameacha kuyachota. Nilidhani mambo ya mawese na mashine yamekwisha. Halafu juzi nilipeleka chakula karakana nikamkuta amenipa mgongo, ana kitambaa chenye doa la rangi ya chungwa. Alikuwa anapaka mawese kwenye mpini wa mbao wa lile gurudumu la mkono, mahali ambapo hayaharibu kitu, pale pale palipolika kwa mkono wa Bruda. Nikaweka chakula chini polepole, nikaenda zangu.