Beseni lililojaa samaki walioisha

Wiki iliyopita tuliwapeleka watoto Kilwa, ile ya ziwani, si ya baharini, kuona ziwa. Walifika wakilia njaa, maana barabara ilikuwa imetutikisa tangu Kasomeno. Ufukweni nilimkuta mama mmoja anauza samaki. Nikafunika pua kwa kitambaa na kumwuliza kama ni safi, bila hata salamu:

« Hii samaki iko propre? »

Akanitazama kuanzia viatu hadi nywele.

« Samaki ilishaisha, madame. »

Beseni mbele yake lilikuwa limejaa.

Nilirudi garini nikilalamika kwamba watu wa Kilwa hawajui kupokea wageni. Mume wangu, ambaye nyumbani hata chumvi hajawahi kununua, akashuka na kuchuchumaa kando ya beseni.

« Jambo mama. Bavuvi balirudia muzuri leo? »

Wakazungumza mpaka wakacheka. Akarudi na samaki sita, na wa saba wa bure, matabishi.

Wageni wakija kwetu Makomeno na kukunja pua mbele ya sufuria zangu, mimi huwa wa kwanza kuwanunia. Kwa aibu, nikachungulia dirishani na kumshukuru yule mama.

« Kesho umutume tena papa wa batoto », akajibu. « Weye ubakie mu motoka. »