Mama Yake Bibi wa Kijerumani

Mama mkwe wangu alikuwa anamtafuta mama wa mwanamke aliyekufa karne nyingi zilizopita: bibi mmoja wa kikabaila wa Kijerumani, mwenye ngome na mashamba, ambaye ukoo wao unaamini umetokana naye. Kila Jumamosi alitujia nyumbani kwetu Pickering, huku ughaibuni, na kompyuta yake mpakato. Mume wa yule bibi alijulikana, watoto walijulikana, aliyemzaa, hapana.

Mimi nilikuwa na mimba kubwa, ya binti, na mkwe alishaamua mtoto atabeba jina la mkabaila huyo. Nilinuna. Kwetu Uchaggani binti wa kwanza hupewa jina la bibi mzaa baba, na jambo hilo halina mjadala, kwa hiyo sikuwahi hata kulitaja. Nilichoona ni kwamba mkwe anaikataa heshima yake mchana kweupe. Mume wangu, akiona moto unawaka, hukimbilia kuosha vyombo.

Jumamosi moja mkwe alikuwa akinisomea majina ya mabinti wa yule bibi. Nikadakia bila kufikiri, "Wa pili ndiye aliyebeba jina la bibi mzaa mama. Basi mama yake huyo bibi yenu aliitwa hivyo."

Alinibusu kwenye paji la uso. Kabla chai haijapoa alishawatangazia ndugu zake wote kwenye kundi lao la simu. Binamu mmoja, mjuzi wa mambo hayo, akamjibu mbele ya wote: huko hakukuwa na kanuni kama hiyo, umejibunia bibi.

Uso ulimwiva mkwe kwa aibu. "Umenifanya kichekesho kwa ukoo wangu! Hiyo kanuni umeitoa wapi?"

"Nyumbani!" Hasira zilishanipanda na mimi. "Binti wa kwanza, jina la mama wa baba. Wa pili, la mama wa mama. Kama hulitaki sema hulitaki, lakini usinibandikie mtoto jina la maiti wa ngomeni!"

Jikoni bomba likafungwa.

"Silitaki nini?" mkwe akauliza.

"Jina lako."

Alilitazama tumbo langu. Niliogopa, neno lile la maiti lilishanitoka na halirudi.

"Lakini mimi bado niko hai," akasema.

"Ndiyo vizuri. Wajina wako atapata wa kutaniana naye."

"Miaka yote hii hujaniita kwa jina langu hata mara moja. Nilidhani unalichukia."

"Mkwe haitwi kwa jina," nikamwambia. "Hata huyu sitamwita kwa jina. Nitamwita Mama."

Mkwe akaangua kilio. Nami nikalia. Mume wangu akafungua tena bomba.