Kofia Iliyojulikana Kuliko Mwenyewe

Siku niliyomwazimisha Dida kofia yangu naikumbuka, mwanangu, kuliko hata siku niliyomzika baba. Umeniomba kofia zangu za felti. Nimekuona ukizunguka kwenye mitumba ukitafuta zako, na ukivaa moja unatembea kana kwamba mji ni wako. Sikucheki, maana nilikuwa hivyo hivyo. Kaa kwanza nikueleze.

Miaka ya sabini nilikuwa kijana wa kununua mbuzi Merti na kuja kuwauza hapa Isiolo. Wenzangu wakipata faida waliongeza mbuzi, mimi niliongeza kofia. Moja niliipata kwa mpishi aliyekuwa akimpikia mzungu huko Timau. Nyingine nilibadilishana kwa mbuzi na Mturkana mmoja, nikang'oa unyoya wa mbuni alioupachika, na mpaka leo naujutia ule unyoya. Ukingo ukipinda niliushika juu ya mvuke wa birika mpaka ukatii. Kulala zililala kichwa chini, ukingo juu, kwa sababu kofia ikikalia ukingo wake inalegea. Hilo ulijue kama utazichukua.

Niliyoipenda zaidi ilikuwa ya kahawia, yenye ukingo mpana na utepe mweusi. Mji mzima haukuwa na nyingine kama ile. Watu waliniita Kofia, na wengi jina langu hawakulijua kabisa. Mimi mjinga nikadhani hiyo ndiyo heshima.

Wakati huo nilikuwa nimemposa Halima. Mama yake alikuwa mjane, akiishi Merti na mbuzi wake. Unajua adabu yetu Waborana, mkwe hatazamwi usoni. Nilipokwenda kwao nilisimama mbali, nikainamisha kichwa na kusalimia kwa sauti ya chini, naye akajibu akiwa amejifunika mtandio. Alichokiona kwangu ni kofia ya kahawia, basi. Akiiona tu inakuja aliagiza chai itiwe motoni.

Tulikubaliana nikachukue mbuzi wake niwauze Isiolo, apate vitu vya harusi. Dida, mtoto wa ami yangu, alikuwepo nikipanga safari hiyo. Siku chache baadaye akaja kuniomba kofia ya kahawia, akisema anakwenda harusini Kinna na hana cha kuvaa kichwani. Nilisitasita, kisha nikampa. Akairudisha imepigwa brashi vizuri, akanisifu kwamba watu wote wa Kinna waliiulizia.

Nikaivaa, nikapanda lori kwenda Merti. Mama mkwe akanipokea vizuri, kisha akauliza mbuzi waliuzwaje. Nikasema mbuzi gani, ndiyo kwanza nimefika. Halafu akasema nilikuja juzi, nikasimama pale pale ninaposimama siku zote, nikasalimia, nikaondoka na mbuzi.

Mambo yakafika kwa wazee hapa Isiolo. Aliyeongoza kikao alikuwa mzee wa Kiturkana, kwa hiyo tulizungumza Kiswahili cha mjini. Dida aliulizwa, akasema hajawahi kuigusa kofia yangu na Kinna hakwenda. Nilipompa tulikuwa wawili tu. Niliapa, naye akaapa. Mwisho yule mzee akamgeukia mama Halima.

"Mama, uliona uso yake?"

"Uso ya mkwe inaangaliwa namna gani?" akajibu. "Mimi niliona kofia."

Hakuwa anasema uongo, mwanangu, na hilo ndilo lililonimaliza. Mama wa watu alishika adabu, na mimi nilishika adabu, na mwizi akapita katikati yetu.

Nilimtazama baba nikitegemea atasimama kunitetea. Hakusimama. Tulipokuwa njiani kurudi nyumbani nikamuuliza mbona amenyamaza, akanijibu taratibu, bila hasira.

"Mimi najua si wewe. Lakini ningesema nini pale? Hata mimi mwenyewe, sokoni nakutafuta kwa kofia."

Alitoa mbuzi katika zizi lake kuzima maneno, na watu wakachukua hiyo kuwa ushahidi kwamba nilikula wale wa mjane. Halima aliozwa mtu mwingine. Miaka ya themanini Dida alifungua duka Burat, akawa mtu wa kuitwa kupatanisha wenye ugomvi. Alikufa bila kusema neno. Nilikwenda kuzika kwa sababu ni damu yangu, nikatupia udongo kaburini, na moyoni sikumsamehe. Mpaka leo sijamsamehe, wala sitakudanganya kwamba uzee umenituliza.

Halima nilimwona mara moja tu, miaka mingi baadaye, katika soko la mifugo. Nilikuwa kichwa wazi. Alinitazama usoni kabisa, akauliza bei ya mbuzi, akasema ni ghali, tukavutana kidogo kisha akaenda kwa mwingine. Hakunijua. Sikumwambia mimi ni nani, kwa sababu ningejitambulisha kwa lipi ila kwa ile kofia?

Nasaha yangu ni hii. Vaa kofia, zitunze, zipendeze. Lakini ukifika mahali pa kuahidi jambo, ivue na utaje jina lako na la baba yako. Kama adabu inakataza mtu kukutazama, nenda na mzee anayekujua, akusemee. Na usiwe na kitu ambacho mtu akikivaa tu, tayari amekuwa wewe.

Haya, zichukue zote, na ya kahawia pia. Mwenyezi Mungu akupe wakwe wanaolijua jina lako, akuepushe na ndugu wa aina ya Dida, na siku utakayosingiziwa, aweko hata mtu mmoja kikaoni wa kusimama na kusema, huyu namjua, si yeye. Mimi nilimkosa huyo mtu. Wewe Mungu akupe. Amin.