Kifo cha Kila Somo
Mwalimu wa uuguzi pale mjini kwetu Dessie aliamini vitabu huwalaza wanafunzi, kwa hiyo kila somo alijifanya kufa mezani kwa ustadi, macho juu, mikono kooni, wala hakufufuka mpaka mwokozi wake anawe mikono. Jana, akitafuna shayiri ya kukaanga, alikufa mapema. Wubit, mwenye zamu ya kumwokoa, akamwinamia, akamwita kwa heshima ya mkubwa.

“Gashe, unapumua?”

Mwalimu akavuta pumzi ghafla, hiih, na pumzi ya namna hiyo kwetu ni “ndiyo”.

“Keshakubali huyo! Mwache afe kwa raha zake!” darasa likacheka.

Lakini Wubit aliona midomo ikigeuka bluu, na rangi hiyo haiigiziki. Akamkumbatia kwa nyuma, akamminya tumbo. Punje ikaruka hadi ubaoni. Mwalimu akafuta machozi, akaitafuta sauti yake.

“Hukunawa, binti. Sifuri.”